Bakapu Zilizokufa Kimya

Katika enzi ya mikanda ya sumaku, nakala ya akiba, yaani bakapu, ilikuja yenyewe bila kuombwa. Kompyuta nyingi za miaka ya 1950, kuanzia UNIVAC iliyokabidhiwa ofisi ya sensa ya Marekani mwaka 1951, zilifanya kazi kwa mikanda. Aliyetunza hesabu kwa njia hiyo alisoma mkanda wa jana, akaingiza miamala ya leo, matokeo yakaandikwa kwenye mkanda mpya. Ule wa jana ulibaki kabatini, mzima. Ikawa desturi kutunza vizazi vitatu, vikaitwa babu, baba na mwana. Mwana akiharibika, baba yupo na miamala ya siku ile ipo, kazi inarudiwa.

Septemba 1956 IBM ikatangaza RAMAC, kompyuta yenye diski 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61, zikibeba kwa pamoja herufi milioni 5. Sasa rekodi yoyote ilifikiwa papo hapo, bila kusubiri mkanda uzunguke. Lakini kwenye diski salio jipya huandikwa juu ya salio la zamani, na la zamani ndiyo limekwenda. Tangu hapo bakapu imekuwa kazi ya kukusudia, yenye ratiba yake, msimamizi wake na nafasi yake ya kuhifadhia. Kazi ya namna hiyo inaweza kukoma bila mtu kujua, na kwangu mimi huo ndio mzizi wa maafa mengi yaliyofuata.

Mwaka 1998, Pixar walipokuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri ya kufuta iliendeshwa mahali pasipostahili na faili za filamu zikaanza kutoweka mbele ya macho ya watu. Karibu asilimia 90 ya kazi ilipotea. Walipokimbilia bakapu, wakakuta haifai. Oren Jacob, aliyekuwapo, amesimulia kwamba nakala zilikuwa zimegonga kikomo cha ukubwa cha gigabaiti 4, na faili ya kuandikia makosa ilikuwa kwenye diski ileile iliyojaa, kwa hiyo hakuna kosa lililoandikwa. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na alifanyia kazi huko. Kompyuta hiyo ilirudishwa ofisini kwa gari, imefungwa kwa mablanketi.

Wenye hifadhidata walikuwa na kinga ya ziada: daftari la miamala. Kila badiliko huandikwa kwanza humo, ndipo liguse data yenyewe. PostgreSQL, hifadhidata ya bure inayotumika duniani kote, hugawa daftari hilo katika faili za megabaiti 16, na tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005 anayezitunza pamoja na nakala kamili anaweza kurudi hadi dakika anayoitaka. Shida ni nafasi. Ukizitunza bila kuzihamisha, diski hujaa na hifadhidata husimama. Ukizifuta mapema, seva ya pili, inayonakili seva kuu kwa kufuata daftari hilo, hukosa kurasa na kukatika.

Hilo la pili ndilo lililowapata GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, tarehe 31 Januari 2017. Mzigo uliodhaniwa kuwa wa watumaji taka uliielemea hifadhidata, seva ya pili ikabaki nyuma, na seva kuu ikawa imeshafuta faili za daftari ambazo mwenzake alizihitaji. Ikabidi seva ya pili ijazwe upya. Programu ya kunakili ikakaa kimya, ikisubiri bila kusema inasubiri nini. Mhandisi, usiku umeshaingia, akadhani tatizo ni mabaki ya faili za zamani, akayafuta. Kumbe alikuwa kwenye seva kuu. Alisimamisha amri ndani ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5.

Bakapu ya kila siku? Hifadhi yake ilikuwa tupu. Programu ya kuitengeneza ilikuwa ya PostgreSQL toleo la 9.2 na hifadhidata ni ya 9.6, hivyo ilishindwa kila ilipojaribu. Barua pepe za kuarifu zilitumwa, zikakataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi yuleyule aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kuirudisha kulichukua saa 18 hivi, kwani diski za seva ya majaribio, ilikokuwa nakala hiyo, zilikuwa za polepole. Miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700 hazikurudi.

Nawaheshimu kwa walichofanya baadaye: walionyesha urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube, wakachapisha kila kosa. PostgreSQL nayo, katika toleo la 13 la mwaka 2020, iliongeza kikomo cha daftari linalotunzwa kwa ajili ya seva iliyo nyuma. Toleo la 17 la mwaka 2024 likaleta bakapu ya yaliyobadilika tu, ambayo hupunguza sana nafasi inayohitajika.

Miongoni mwa kazi ambazo GitLab walijipangia ni mashine kujaribu yenyewe kurejesha bakapu. Jaribio hilo linahitaji diski inayotosha hifadhidata nzima kwa mara nyingine, na diski hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.