Kushona Ndewe: Operesheni ya Kale Kutoka India hadi Bonde la Ufa

Mtoto alipakatwa na mlezi wake, akabembelezwa kwa vitu vya kuchezea. Tabibu alilivuta sikio kwa mkono wa kushoto, akatafuta pale ndewe inapopitisha mwanga wa jua, kisha akachoma sindano mara moja, ikapita imenyooka. Mvulana alianziwa sikio la kulia, msichana la kushoto. Tunduni ulipitishwa utambi wa pamba, na kila siku ya tatu ukawekwa mwingine, mnene zaidi kidogo, ili tundu lipanuke bila kuchanika.

Maelekezo hayo yamo katika Sushruta Samhita, kitabu cha utabibu cha India ya kale kinachonasibishwa na tabibu Sushruta, ambacho sehemu zake za mwanzo huaminika kuwa zilitungwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Masikio yalitogwa kwa ajili ya pambo na pia kumkinga mtoto na mabaya. Lakini aliyeandika sura yenye maelekezo hayo alijua mwisho wa tundu linalopanuliwa, kwani hapo hapo anageukia ndewe zilizopasuka vipande viwili na kutaja njia 15 za kuziunganisha. Kuna njia ya vipande vilivyo vipana sawasawa, nyingine ya pale kimoja kilipo kirefu na mwenzake mfupi, nyingine ya ndewe nyembamba isiyo na nyama ya kutosha. Ni kazi ya mtu aliyeona masikio mengi mabovu na akakataa kuyatibu yote kwa mkasi mmoja.

Na kama ndewe imekwisha kabisa? Tabibu aliambiwa akate ngozi ya shavu, aiache imeshikilia upande mmoja ili damu iendelee kupita, aikunje na kuijengea ndewe mpya. Baada ya kuunganisha, alipaka asali na samli, akafunika kwa pamba na kitambaa, akafunga kwa uzi usiokaza wala kulegea. Sushruta anasifiwa zaidi kwa kutengeneza pua, na maelezo ya pua yamo katika sura hiyo hiyo. Naona sikio limedhulumiwa sifa yake. Limetangulia kutajwa, na limeelezwa kwa kina zaidi.

Ugumu wa kazi hii uko katika jinsi mwili unavyopona. Hereni nzito ikivuta ndewe kwa miaka, tundu hurefuka likawa ufa, na ufa ukifika chini ndewe huachana. Wakati huo kingo zote mbili zimekwisha kuota ngozi yake. Ukizikutanisha na kuzifunga hata mwezi mzima, hazitashikana. Lazima ngozi hiyo ikwanguliwe au ikatwe, kingo zitoke damu upya, ndipo zishonwe. Sushruta alilijua hilo, na daktari wa leo huanzia hapo hapo.

Mrumi Celsus naye alilijua. Katika kitabu chake cha tiba cha karne ya kwanza baada ya Kristo anaeleza la kufanya kwa mwanamume anayeona aibu kuwa na masikio yaliyotogwa. Tundu dogo lichomwe haraka kwa sindano ya moto, kingo zake zipate kidonda na kuziba. Tundu kubwa, la mtu aliyevaa vitu vizito, likatwe mpaka chini, kingo zichunwe kwa kisu, kisha zishonwe. Huko Roma pambo la sikio kwa mwanamume lilimtambulisha kuwa mgeni wa Mashariki, au mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Mgonjwa wa India alitaka ndewe irudi ibebe pambo. Mgonjwa wa Celsus alitaka isijulikane kwamba pambo liliwahi kuwapo. Tangu hapo haja hizo mbili zimekuwa zikipishana katika historia ya operesheni hii, na kwetu Afrika Mashariki ilikuja kutawala ile ya pili.

Huku ndewe iliyotanuliwa ilikuwa heshima. Richard Burton, aliyepita Ugogo katikati ya karne ya 19, aliandika kuhusu masikio ya Wagogo yaliyovutwa mpaka yakaning'inia. Wamaasai, Wanandi, Wakipsigis na Wakikuyu walitoga vijana wao na kuongeza ukubwa wa kijiti hatua kwa hatua, mpaka ndewe ikawa kitanzi cha kutundikia shanga na shaba. Wamaasai waliweka humo hata kikopo cha ugoro, na baadaye kikopo cha filamu ya kamera. Pwani, wanawake walijaza ndewe kwa majasi, mengine ya fedha au dhahabu, mengine ya karatasi za rangi zilizokunjwa duara.

Kisha zikaja misheni, shule, jeshi na ofisi. Kitanzi kilichokuwa heshima ya mtu, sasa kilisomwa kama alama ya ushamba na upagani. Kenya ya karne ya 20 ilijaa watu wazima waliokwenda kushonwa masikio: mwalimu, karani, muumini mpya, askari. Sijadili uamuzi wao, kwa kuwa aliyetaka mshahara au ubatizo hakupewa njia nyingi. Linaloniumiza ni kwamba operesheni fupi ilifuta kazi ya miaka, tena iliyofanywa kwa mikono ya wazazi na wazee. Hata hivyo haikufuta yote. Wapo wazee ambao ukiwatazama kwa makini utaona mstari mwembamba kwenye ndewe, na ndewe yenyewe fupi kuliko ilivyotarajiwa.

Kitanzi kirefu hakishonwi kama ufa wa hereni. Ngozi imezidi, kwa hiyo mpasuaji hukata sehemu iliyokonda, hupima nyama inayobaki ilingane na sikio la pili, ndipo huikunja na kuishona. Kazi yote hufanyika kwa sindano ya ganzi mgonjwa akiwa macho, jambo lililorahisishwa sana na lidokeini, dawa iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943.

Katika majarida ya upasuaji ya karne hiyo, haja ya kale ya India ilirejea. Mwaka 1973 mpasuaji aitwaye Pardue alichapisha mbinu ya kushona ndewe iliyochanika bila kupoteza tundu. Kipande kidogo cha ngozi ya ukingo huviringishwa ndani, kikawa bitana ya tundu jipya, na hereni ikapata mahali pake. Wengine walivunja mstari wa mshono kwa umbo la Z, kwa sababu kovu lililonyooka hujivuta linapokomaa na kuacha pengo kwenye ukingo wa chini.

Siku hizi vijana wa London na New York, waliotanua ndewe zao kwa mtindo unaofanana na wa Wamaasai, nao huenda kushonwa wanapotafuta kazi. Kwa Mwafrika ipo hatari ya ziada ya kujadili na daktari kabla ya kisu: keloidi, kovu linaloendelea kukua kupita jeraha lenyewe, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na ndewe ni mojawapo ya mahali linapopenda kuota. Aliyewahi kulipata, au ambaye nduguze wamelipata, aseme mapema, kwani huenda akahitaji sindano za steroidi kwenye kovu na kibanio cha kuligandamiza kwa miezi kadhaa. Na anayetaka kutoga tena asubiri kovu likomae, kisha atoge kando yake, si juu yake.