Senti za tundu na shilingi za simba: Namna ya kuzitambua sarafu za enzi ya mkoloni

Si ajabu, katika maboma ya wakulima wa kahawa na majani chai kule Kibugu, kaskazini mwa mji wa Embu, kukuta kopo kuukuu lililojaa vifungo, sindano na funguo zisizo na kufuli, na chini yake kabisa senti chache za shaba zenye tundu katikati. Watoto huzichezea. Fundi wa mabati naye huzitia chini ya msumari ili maji ya mvua yasipenye. Kila baada ya muda hupita mnunuzi wa vyuma vikuukuu akazipima kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka.

Sarafu hizo ndizo zilizokuwa pesa halali ya Kenya, Uganda na Tanganyika tangu mwaka 1921, kabla nchi hizi hazijaanzisha benki kuu zao mnamo 1966. Nyingi hazina bei ya kutajwa, lakini chache zinayo. Tofauti kati ya zile nyingi na zile chache aghalabu ni herufi moja isiyozidi punje ya ufuta, au ukingo uliochongwa kwa namna nyingine. Hapo ndipo asiyejua hupunjwa na walaghai, au hujipunja mwenyewe kwa kuota utajiri ambao haupo.

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906. Kabla ya hapo mali ya Mwembu ilihesabiwa kwa mbuzi, ng'ombe na mizinga ya nyuki, na hapakuwa na sababu ya kutafuta chuma chenye sura ya mfalme. Kilichomlazimisha kukitafuta ni kodi ya nyumba, iliyotozwa kwa rupia. Vijana wakashuka kufanya vibarua katika mashamba ya walowezi, na baadaye wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ujira ulilipwa kwa rupia hiyo hiyo, ingawa malipo ya wengi waliofia vitani hayakuwafikia jamaa zao. Kwa hivyo anayezikusanya sarafu hizi leo anashika kitu kilichotolewa jasho, na mara nyingine damu.

Rupia yenyewe ilitoka Bara Hindi. Sarafu za kwanza zilizogongwa mahususi kwa eneo ambalo sasa ni Kenya ni zile za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, zenye jina la Mombasa na mwaka 1888. Zina picha ya mizani, na neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu. Rupia ya fedha iligongwa na kiwanda cha Heaton cha Birmingham, nacho kikaitia herufi yake, H. Senti za shaba za kampuni hiyo ziliitwa paisa, neno la Kihindi lililotuachia "pesa".

Mwongo wa kwanza wa karne ya 20 ulileta rupia iliyogawanywa kwa senti mia moja, chini ya jina la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Senti moja za mwaka 1907 na 1908 zilikuwa za alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo kutumika kwa wingi. Hazikustahimili. Unyevu na jasho vilizila, na kuanzia 1909 zikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Leo senti ya alumini isiyo na mabaka ni shida kuipata, na anayeipata asithubutu kuisugua.

Misukosuko ilianza 1919. Thamani ya rupia ilikuwa imepanda mno dhidi ya pauni, walowezi wenye madeni wakapiga kelele, na serikali ikaikaza rupia kwenye shilingi mbili za Kiingereza. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1920 ikatolewa florini badala ya rupia, na hata kabla watu hawajazoea jina hilo, mwaka 1921 ikaja shilingi, florini moja ikihesabiwa kuwa shilingi mbili. Hesabu hii ilikuwa na mtego. Senti ya rupia ilistahili kuwa senti mbili za shilingi, lakini palitolewa pendekezo kwamba senti za zamani zipokelewe kama senti za shilingi, yaani akiba ya Mwafrika aliyefunga senti zake kwenye uzi ipunguzwe nusu kwa kalamu. Pendekezo hilo lilipingwa vikali na hatimaye likaachwa. Hata hivyo, mwaka huo huo walowezi walikata mishahara ya vibarua kwa theluthi moja, ilhali kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa hadi rupia 8, sawa na shilingi 16. Huo ndio wakati Harry Thuku alipoinuka. Alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi, na baadaye mwaka huo kodi ikateremshwa hadi shilingi 12.

Kwa sababu florini iliishi muda mfupi, sarafu za mwaka 1920 hutafutwa sana, hasa zile ndogo. Florini zenyewe zina fedha nusu kwa nusu na ziligongwa mahali patatu: London, bila alama yoyote; Heaton, yenye H; na kiwanda cha Ackroyd & Best cha Morley, yenye A. Zenye H ndizo nyingi. Yenye A ni adimu zaidi, na mtu anayeuza florini bila kuitazama alama yake ni kama auzaye ng'ombe gizani.

Shilingi ya simba, yenye milima nyuma yake, iligongwa kwa mchanganyiko wenye robo tu ya fedha. Wauzaji wengi hutangaza kwamba ni "fedha tupu", na huo ni uongo. Kuanzia 1948 hata robo hiyo iliondolewa, zikawa za shaba na nikeli. Mwaka huo huo kuna jambo jingine la kutazama: maneno yaliyomwita mfalme kuwa pia mtawala wa India yaliondolewa, kwani India ilikuwa imejipatia uhuru mwaka 1947. Sarafu ya Kibugu ilibeba habari za Delhi.

Herufi za viwanda ndizo mlango wa kwanza wa elimu hii. Isiyo na herufi ni ya London. H ni ya Birmingham. KN ni ya kampuni ya Kings Norton, pia ya Birmingham. Vita vya Pili vya Dunia vilipofanya njia za meli kuwa za hatari, kazi ilipelekwa Bombay, ikatiwa herufi I, na Pretoria, ikatiwa SA. Shilingi za mwaka 1942 zinaweza kuwa na H au I. Za 1944, H au SA. Za 1949 na 1950 zipo zisizo na herufi, zenye H na zenye KN. Mwaka mmoja, mfalme mmoja, simba mmoja, lakini mkusanyaji huzihesabu kuwa sarafu tofauti. Herufi ni ndogo mno na mara nyingi imechakaa, hivyo yafaa kuitafuta pande zote mbili kabla ya kukata shauri kwamba haipo.

Wakusanyaji wa Uingereza wana desturi hiyo hiyo kwa peni zao. Peni za 1918 na 1919 zenye H au KN hutengwa na za London. Wanaozama zaidi hutazama peni ya 1902 na kuuliza maji ya bahari yamefika wapi kwenye mguu wa Britannia, maana zipo ambazo maji yako chini kuliko kawaida. Michael Freeman alitoa mwaka 1970 kitabu kilichopanga peni na sarafu nyingine za shaba kwa kuoanisha aina za upande wa mbele na za nyuma. Huku kwetu peni hizo hazikuwa pesa halali, ingawa jina lilibaki: senti kumi iliitwa peni, senti tano ndururu, na senti hamsini thumni.

Lipo swali ambalo kila mwenye kopo huuliza: je, senti ya mfalme aliyejiuzulu ina thamani gani? Edward wa Nane alitawala kuanzia 20 Januari hadi 11 Desemba 1936, na Uingereza haikuwahi kutoa sarafu za kawaida zenye sura yake. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura, kwa kuwa zina tundu. Zilihitaji jina tu. Zikagongwa zikiwa na EDWARDVS VIII, zikaenea masokoni. Senti kumi zake zipo zisizo na herufi, zenye H na zenye KN. Ni sarafu yenye hadithi nzuri, na muuzaji mwerevu huiuza hadithi hiyo kwa bei ghali. Ukweli ni kwamba ziligongwa kwa mamilioni, na ile iliyochakaa haina bei kubwa. Atakayedai inanunua shamba anakutania.

Baada ya herufi hufuata tofauti ndogo za muhuri. Sarafu hugongwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mwingine juu, kipande cha madini kikiwa katikati. Muhuri mmoja hugonga maelfu kwa maelfu kabla ya kuchoka, kisha huwekwa mwingine. Zamani tarakimu za mwisho za mwaka na herufi za kiwanda zilipigwa kwa mkono wa fundi, kwa hivyo zilisogea kidogo, zikakaribiana au kupigwa mara mbili. Pengine mchongo wenyewe ulirekebishwa. Ndiyo maana katalogi hugawanya shilingi za 1937 hadi 1946 katika makundi kadhaa kwa kutazama upana wa ukingo, meno ya pembeni na mchongo wa upande wa simba. Senti tano na kumi za miaka ya vita nazo zipo nene na nyembamba, maana madini yalibanwa. Mizani ya jikoni haitoshi kuzitenganisha, inahitajika ile inayosoma sehemu za gramu.

Vipi mtu atajua kwamba alama aliyoiona ni ya muhuri wala si ya kuanguka kwenye jiwe? Mkwaruzo ulio kwenye muhuri hutokea kwenye sarafu ukiwa umeinuka, kama mshono. Mkwaruzo uliopata sarafu yenyewe huwa ni mfereji uliochimbika. Tena, alama ya muhuri hujirudia katika kila sarafu iliyotoka kwenye muhuri ule, hali ajali haijirudii. Kwa hiyo mwenye sarafu moja ya ajabu asitangaze ugunduzi. Atafute ya pili inayofanana nayo. Kioo cha kukuza mara kumi chatosha, na mwanga utoke ubavuni, si juu.

Mfano bora kabisa wa tofauti za muhuri katika Afrika Mashariki hautoki kwa Waingereza. Mwaka 1916 Wajerumani, walipozingirwa, waligonga sarafu zao Tabora. Heli ishirini za Tabora zina taji kubwa au dogo, na herufi L ambazo ncha zake zimejikunja au zimechongoka, nazo huoanishwa kwa namna kadhaa. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima, iligongwa kwa dhahabu ya Sekenke; zilitengenezwa 16,198. Hugawanywa makundi mawili kwa kutazama iwapo nakshi ya kulia inaishia chini ya T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Tofauti hiyo ni ya unywele, na kwa sababu dhahabu hii huigwa sana, ni vigumu kwa mtu wa kawaida kuamua kwa macho.

Kuhusu utunzaji, kosa kuu hutendwa kwa nia njema. Mtu husikia kwamba sarafu zina soko, akazisugua kwa majivu, mchanga na ndimu mpaka zing'ae. Ile rangi ya kahawia ya senti ya shaba ni ngozi yake. Ikishachunwa hairudi, na mkusanyaji huikataa papo hapo. Sarafu ziwekwe kwenye karatasi kavu, kila moja peke yake, na zishikwe kwa ukingo. Zilizowahi kutobolewa ili zivaliwe shingoni hubaki kuwa kumbukumbu ya ukoo, lakini sokoni zimekwisha. Nazo senti zinazosemekana hazina tundu zitazamwe kwa shaka: makosa ya namna hiyo ya kiwandani hutokea, ila tundu lililozibwa kwa risasi au shaba ni rahisi kulitengeneza. Sumaku pia isaidie, kwa sababu sarafu halisi za Bodi hazinaswi nayo.

Sheria nayo isisahauliwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa mambokale, na hakiruhusiwi kusafirishwa nje bila kibali. Sarafu za Mombasa za 1888 zilizoingia nchini wakati huo zinaangukia hapo. Senti za tundu na shilingi za simba, zilizokuja baada ya mwaka huo, haziguswi na kifungu hicho.

Sarafu za mwisho za Bodi ni senti tano na senti kumi za mwaka 1964, zisizo na jina la mfalme wala malkia. Wengi huzipita kwa kuwa ni za bei ya chini. Lakini hizo ndizo pekee katika kopo zima zilizogongwa Kenya ikiwa tayari huru, na tundu lingali pale pale katikati.