Mawe ya Mizani katika Athens ya Kale: Umma Ulikuwa Nani?

Katika kisima kimoja karibu na jengo liitwalo Tholos, kwenye uwanja wa soko la Athens ya kale, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mawe matatu ya mizani yaliyotengenezwa kwa shaba nyeusi, kiasi cha mwaka 500 K.K. Kubwa lina uzito wa gramu 795 na limechorwa mfupa wa kifundo cha mguu wa mnyama. La pili, linaloitwa robo, lina ngao. La tatu, sehemu ya sita, lina kobe. Hata asiyejua kusoma aliweza kulitambua jiwe kwa picha yake. Na juu ya shaba yalichongwa maneno yenye maana kwamba hii ni mali ya umma wa Athens.

Maneno hayo ni rahisi kuyasifu na kupita. Sisi tunaona yanastahili kuchambuliwa kitabaka, maana mwenye kushika mizani ndiye mwenye kushika soko. Mkulima aliyewahi kupeleka pamba yake kwa mnunuzi analijua jambo hili bila kufundishwa.

Katika karne ya 4 K.K. dola ya Athens ilikuwa na wakaguzi wa vipimo 10 waliochaguliwa kwa kura ya bahati, watano mjini na watano katika bandari ya Piraeus. Walikuwapo pia walinzi wa nafaka, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba bei ya unga inalingana na bei ya shayiri, na kwamba mikate ina uzito uliowekwa. Kiasi cha mwaka 386 K.K. wachuuzi wa nafaka walishtakiwa kwa kununua kupita vikapu 50 vilivyoruhusiwa, na mshtaki akadai wauawe. Ulanguzi, basi, si uovu uliozaliwa jana.

Hatua hizo zilimkinga mnunuzi mdogo, nasi hatuzibezi. Lakini tuangalie ni nani aliyeyatunza mawe hayo. Amri ya mwishoni mwa karne ya 2 K.K. inaeleza kwamba vipimo halali viwekwe Tholos, Piraeus na Eleusis. Chombo cha mchuuzi kikionekana kimepunjwa, kivunjwe, na bidhaa zilizomo zinadiwe. Waliokabidhiwa vipimo ili wawape maofisa na kila mwenye kuhitaji walikuwa watumwa wa dola, na mtumwa aliyekosea katika kazi hiyo adhabu yake ilikuwa kuchapwa mijeledi.

Watumwa hao hawakuwa na sauti katika baraza la raia. Wanawake pia hawakuwa nayo, wala wageni wakazi, ambao baadhi yao ndio waliouza nafaka. Kwa Kigiriki, neno lililochongwa kwenye jiwe la mizani ni demosion. Mtumwa aliyelitunza aliitwa demosios. Ni neno lile lile, na maana yake ni mali ya umma.