Riwaya za picha: Majeraha ya moyo yanapochorwa

Na Mwandishi Wetu

JINA la Mto Rufiji limo katika riwaya za picha za Ulaya tangu miaka ya 1970. Mchoraji wa Italia, Hugo Pratt (1927-1995), alimleta huku baharia wake mashuhuri, Corto Maltese, katika hadithi ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo kwa Kifaransa huitwa Les Hommes-léopards du Rufiji, yaani ‘Watu-chui wa Rufiji’.

Hiyo ilikuwa hadithi ya safari na hatari. Tangu hapo fani yenyewe imepanuka, na wachoraji wengi huitumia kueleza huzuni, hofu na maradhi ya akili.

Mfano wa jirani ni Déogratias ya Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, iliyochapishwa mwaka 2000. Inamhusu kijana wa Rwanda aliyevurugikiwa akili baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambayo naye aliingizwa ndani yake. Usiku hujiona akigeuka mbwa. Msomaji hutofautisha jana na leo kwa kutazama mavazi: zamani kijana huyo ni nadhifu, sasa amevaa matambara.

Nchini Marekani, Art Spiegelman alichora katika Maus mateso ya baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi, pamoja na uchungu wa mama yake kujiua. Kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1992.

Faida ya fani hii ni kwamba asiyeweza kutamka yaliyompata anaweza kuyaonyesha.

Jambo hilo lina uzito wilayani Kibiti na katika delta ya Rufiji. Kuanzia mwaka 2015 viongozi wa vijiji, wanachama wa CCM na polisi waliuawa katika eneo hilo; Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja. Aprili 2024 mafuriko yakafunika mashamba na makazi. Mashamba yaliyopotea huhesabiwa kwa ekari, lakini hofu iliyobaki haina kipimo cha namna hiyo.

Uchoraji wa katuni si mgeni Tanzania. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani, viliwazoesha wasomaji kucheka na kukosoana. Kalamu hiyo hiyo yaweza pia kuchora msiba, hasa pale walioupata wanaposhindwa kuusimulia.