Nilidhani ni majambazi

Wapo hapa Kamunyonge wanaoamini kwamba ukishatamka "nilijihami", kesi imekwisha. Tuitazame historia.

Aprili 2005, katika shamba la Soysambu, Bonde la Ufa nchini Kenya, Thomas Cholmondeley, kitukuu wa mlowezi Lord Delamere, alimuua kwa risasi askari wa wanyamapori aliyevaa kiraia. Alidai alidhani ni majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, aliifuta kesi, Wamasai wakaandamana. Mei 2006 mkata mawe akauawa shambani humo humo. Safari hii Cholmondeley alisema alilenga mbwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi 8.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18B, inaruhusu kujihami kwa nguvu ya kadiri tu. Ukizidisha ukaua, umeua bila kukusudia. Kuogopa peke yake hakutoshi: je, hofu ilikuwa na msingi, na risasi ilikuwa lazima? Hilo lijibiwe mahakamani, hadharani, kwa kuwa marehemu hawezi tena kueleza yeye alidhani nini.