Okot p'Bitek na Wagiriki Waliojificha Katika Maneno Yetu

Januari 2008 nilikuwa na miaka sita. Tulivuka mpaka wa Malaba usiku na godoro moja, nyumba yetu ya Kenya ikiwa imechomwa baada ya uchaguzi. Wenzetu wengi waliwekwa kambi ya Mulanda, hapa Tororo, halafu wakapelekwa Kiryandongo. Sisi tulibaki Osukuru, mama akapata kibarua. Siku ya kuhojiwa alisema, "Tulitoka usiku." Mkalimani akatafsiri: walihama. Basi. Kwa miaka mingi mama aliulizwa, kama mlihama wenyewe, si mrudi tu?

Kwa hiyo niliposoma Okot p'Bitek, sikushikwa na Lawino peke yake. Nilishikwa na kitabu chake cha 1970 kuhusu wasomi wa Magharibi na dini za Kiafrika. Ndani yake anauliza swali la mama yangu: nani alitafsiri, na alisikia nini?

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Mwaka 1956 alienda Uingereza na timu ya mpira ya Uganda, ile iliyocheza miguu mitupu, akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Huko Oxford aliwasikia wahadhiri wakiwaita watu wake washenzi, akapinga darasani. Baadaye alisimamia Jumba la Taifa la Sanaa Kampala, akapoteza kazi baada ya kuikosoa serikali. Akaishi Kenya miaka mingi, Kisumu kisha Nairobi. Yaani alitoka huku akaenda kule tulikotoka sisi.

Anasimulia kwamba mwaka 1911 wamisionari wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, nani aliwaumba? Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo. Swali likageuzwa: nani aliwafinyanga, kama chungu? Wazee wakajibu wanazaliwa na mama zao. Wageni wakakazana. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda mtu mzima mpaka anakuwa na kibiongo. Anayewafinyanga hao ni pepo aitwaye Rubanga. Wageni wakafurahi, wakaandika: Mungu wao ni Rubanga!

Hapo ndipo Wagiriki wanaingia. Injili ya Yohana iliandikwa kwa Kigiriki, na inaanza na Logos. Neno hilo wanafalsafa wa Kigiriki walikuwa wamelipa mzigo mzito: neno, akili, mpango unaoshika dunia yote. Kiacholi kikapewa Lok, yaani habari, mazungumzo. Okot anaonyesha kwamba msomaji Mwacholi anapata kitu kingine kabisa: hapo kale kulikuwa na habari, nayo ilikaa na pepo wa kibiongo.

Lakini hakuwalaumu wazungu peke yao. Aliwageukia pia wasomi wetu, akiwemo Jomo Kenyatta, na John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere wakati Okot akifundisha Kenya. Alisema wanaivalisha miungu ya Afrika nguo za Kigiriki, yupo kila mahali, anajua yote, ili ionekane na heshima mbele ya wageni. Watu wengi hawakupenda maneno hayo. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani, na sikubaliani naye kila ukurasa. Lakini naijua ile hamu ya kupanga maneno yako ili mwenye fomu aridhike. Kila mkimbizi anaijua.

Hapa Osukuru majirani zetu Waiteso wanamwita Mungu Edeke, na wazee wanakwambia neno hilo liko karibu sana na neno la ugonjwa. Vijana wangu walicheka nilipowaambia. Halafu wakanyamaza, kila mmoja akaanza kufikiria neno la nyumbani kwao.

Okot alirudi Uganda, akafundisha Makerere, akafariki Julai 1982. Kutoka kwake nimechukua sheria moja, na kikundi chetu kinaifuata. Kijana akimsindikiza mzazi kuhojiwa, kabla ya sahihi anaomba maandishi yasomwe tena, kwa lugha ya mzazi, polepole. Mwezi uliopita mama mmoja alisikia yake yakisomwa, akainua mkono. "Hapana," akasema. "Sikuhama. Nilifukuzwa." Wakafuta, wakaandika upya.