Mkokoteni kwa Thika Road: Historia ya Spidi ya Hadi Diski

Wasee, kuna siku nilihamisha GB 300 za video kwa hadi diski imeandikwa 6 Gb/s. Nikapiga hesabu: dakika nane hivi, halafu nikutane na dedline yangu. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Nikasema nimeuziwa feki. Kumbe nilisoma namba ya waya, sio ya diski.

Hii stori ni ya kitambo. SATA ya kwanza, mwaka 2003, ilipitisha MB 150 kwa sekunde. Diski nyingi za wakati huo hazikufikisha hata nusu ya hiyo. Ikaja ya MB 300, halafu 2009 ya MB 600, ndiyo hiyo 6 Gb/s. Waya umepanuka mara nne, lakini sahani ndani ya diski za kawaida bado inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinasoma tu kile kinachopita chini yake. Ikifika nyimbo za katikati, ambazo ni fupi, spidi inashuka karibu nusu. MB 600 utaiona kwa kache pekee, na kache hujaa haraka. Ni SSD ndizo zilikuja kuijaza hiyo barabara.

Stika haidanganyi. Inakuambia upana wa barabara tu, na mkokoteni kwa Thika Road bado ni mkokoteni. Ukienda kununua, uliza: faili kubwa ikienda dakika kumi mfululizo, inaandika MB ngapi kwa sekunde?